Umeshakula, au leo kuna joto? Jinsi ya kuanza maongezi na mgeni Mwingereza na mgeni Mvietnamu

Nina vyumba vitatu vya wageni huku Dunda, Bagamoyo, kwenye nyumba aliyotuachia mama. Kibaraza kinatazama njia ya kushukia soko la samaki, na chai ya asubuhi mimi na wageni tunainywea hapo hapo. Sijasomea hoteli wala utalii. Ninachokijua nimekipata kibarazani, na kingi nimekipata kwa kuaibika.

Mtoto wa kaka yangu ameanza kazi ya kutembeza wageni: Kaole, Ngome Kongwe, misheni, kisha samaki wa kukaanga sokoni. Wiki ya kwanza tu akaja amenuna. "Shangazi, nimemuuliza mama mmoja wa Kiingereza ana watoto wangapi. Akasema hana. Nikamwambia Mungu atampa. Toka hapo mpaka tunamaliza magofu ya Kaole hakunena neno." Siku ya pili yake kijana wa Kivietnamu akamuuliza analipwa kiasi gani kwa mwezi, hata jina hajamuuliza. "Yule anaficha, huyu anachimba. Nishike lipi?"

Haya ndiyo niliyomjibu, na mengine nimeyakumbuka baadaye.

Mwingereza: bisha hodi kwa jua na mvua

Mswahili mstaarabu haingii nyumba ya mtu kwa kusukuma mlango. Anasimama nje, anaita hodi, anangoja. Mwenye nyumba anaweza kusema karibu, na anaweza kukaa kimya ukajiondokea, hakuna aliyevunjiwa heshima. Kwa Mwingereza, hali ya hewa ndiyo hodi. Akikaa kibarazani akasema "leo kuna joto," hakupi habari, jua mnaliona nyote wawili. Anauliza kama una nafasi ya kuzungumza.

Na hodi hiyo ina jibu lake: kubali kwanza. Miaka ya mwanzo nilikuwa nawabishia. "Hili joto? Hili si joto, ungekuja Februari ndiyo ungelijua." Nikidhani nachangamsha baraza. Mgeni anatabasamu kidogo, anafungua kitabu chake, na mazungumzo yamekwisha. Siku hizi nasema, "Kweli, leo limezidi," hata kama mwenyewe nimejitanda kanga mbili. Nikishakubali ndipo naongeza langu.

Na la kuongeza tunalo, watu wa pwani. Wao wana mvua yao ya manyunyu isiyoisha, sisi tuna pepo. Nilipoanza kuwaeleza kaskazi na kusi, nikaona watu wanaweka kikombe chini. Nawaambia kaskazi huvuma tangu Desemba hivi hadi Machi, na ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kisha kusi inaingia, inavuma miezi ya katikati ya mwaka, na majahazi yanarudi kwao. Mji huu umekula kwa pepo hizo miaka mingi. Kutoka hapo mgeni ataingia kwenye jahazi, kwenye ngalawa zilizoegeshwa pale chini, mwisho atakwambia baba yake alikuwa na mashua. Hapo hodi imeitikiwa. Umeingia ndani bila kuuliza swali hata moja la nyumbani kwake.

Yako mambo mengine yanayofunguka kwa urahisi: mbwa (uliza jina lake, usiulize anakula nini kwa siku, utashangaa bure), bustani, mpira. Njia nayo ni nzuri sana. Uliza, "Foleni ya kutoka Dar ilikuwaje?" Kutoka Dar mpaka hapa ni kilomita sabini na kitu tu, lakini Tegeta na Bunju wanazijua vizuri. Mwingereza anapenda mlalamike pamoja, lakini kidogo kidogo, kwa utani. Ukilalamika kwa hasira ataona aibu kwa ajili yako.

Salamu zifupishe. Hili lilinichukua muda. Sisi tukikutana ni za asubuhi, za kulala, za nyumbani, watoto, kazi, na huko mwisho ndipo unasikia kwamba bibi kalazwa. Yeye ukimuuliza hali anajibu nzuri, basi. Ukirudia mara ya tatu anaanza kujipapasa uso, anadhani umemwona mgonjwa. Na hiyo "nzuri" yake usiipime kwa mizani yetu. Nilikuwa na mgeni aliyekula pweza wa nazi sahani mbili akasema "not bad", si mbaya. Nikanuna jikoni siku nzima. Jioni akaomba tena pweza. Kumbe ile ilikuwa sifa.

Sasa ya kuacha. Umri, mshahara, bei ya nyumba yake, dini, kwa nini hajaolewa, kwa nini hana mtoto, na mwili. Hasa mwili. Alikuja mama mmoja akakaa kwangu siku nne, baada ya miaka miwili akarudi. Nilifurahi, nikamkumbatia pale mlangoni nikamwambia, kwa Kiingereza changu cha kujifunza ukubwani, "Umenenepa, mashaallah! Mume anakutunza!" Kwetu hiyo ni dua. Akacheka kicheko cha midomo tu. Kesho yake asubuhi nikapeleka vitumbua na chai ya maziwa, hakugusa kitumbua. Siku zote zilizobaki akanywa chai ya rangi bila sukari, nami sijui niombe radhi kwa maneno gani, maana nikieleza ndiyo naurudia unene.

Lingine ni mwaliko. Siku ya kuondoka Mwingereza atasema, "Lazima mje kwetu siku moja." Mtoto wa kaka yangu aliposikia mara ya kwanza akaenda kuulizia pasipoti. Hapana, baba. Hiyo ni kama sisi tukimwambia mpita njia "karibu chakula." Naye anajibu "ahsante, starehe," anaendelea na safari yake. Mwaliko wa kweli una siku na saa. Usipoisikia siku, shukuru na umfungie mgeni mkoba wake.

Na kabla hujamwita mtu Mwingereza, hakikisha. Wageni wengi wakifika misheni wanaonyeshwa mnara ambako mwili wa Livingstone ulilazwa mwaka 1874, baada ya watumishi wake, akina Chuma na Susi, kuuleta kutoka bara. Kijana wangu akasema mbele ya kundi, "huyu Mwingereza mwenzenu." Mzee mmoja akamsahihisha pale pale: Livingstone ni Mskoti, na yeye mzee pia ni Mskoti. Alimsahihisha kwa upole, lakini alimsahihisha mara mbili.

Wamarekani ni habari nyingine. Mmarekani anakupa jina lake kabla hujamaliza kumkaribisha, kisha anakuuliza unafanya kazi gani. Kiingereza ni kimoja, hodi ni mbalimbali.

Mvietnamu: anataka kujua akukalishe wapi

Wavietnamu nilianza kuwajua baada ya kampuni ya simu ya Halotel, ambayo ni ya Viettel ya kwao, kuanza kazi hapa nchini mwaka 2015. Ghafla Dar kulikuwa na Wavietnamu, na baadhi wakawa wanakuja pwani mwisho wa wiki. Mwaka 2017 nikapata mpangaji wa miezi saba, fundi wa mitambo, kijana mpole, Kiswahili cha kuokotaokota.

Siku ya kwanza, chai haijamiminwa, ananiuliza, "Mama, umezaliwa mwaka gani?" Nikashtuka. Mwanamume mgeni, swali hilo! Nikasema 1968. Akahesabu kwa vidole, uso ukamng'aa, akasema kwa sauti kibaraza kizima, "Wewe nyani!"

Jirani yangu alikuwa anapepeta mchele, akauacha. Nami nilikuwa nimeshainuka. Bahati kijana alisoma nyuso zetu, akatoa simu, akatuonyesha picha: panya, nyati, chui milia, paka, mpaka mwisho, wanyama kumi na wawili. Kwao kila mwaka una mnyama wake, na mwaka 1968 ulikuwa wa nyani. Wachina nao wana hesabu kama hiyo, lakini penye paka wao wameweka sungura. Basi sikutukanwa. Hata hivyo jirani mpaka leo akitaka kunichokoza anaijua njia.

Lakini cha maana kilifuata. Akasema mama yake amenizidi miaka miwili, kwa hiyo mimi ni *cô*. Nikamuuliza *cô* ni nani. Akaeleza kwa shida: dada wa baba, aliye mdogo kwa baba. Shangazi! Kabla chai haijapoa nikawa shangazi wa mtu wa Hanoi, naye akawa *cháu*, mtoto wangu.

Hapa ndipo ukae usikilize, maana ndiyo siri ya maswali yao yote. Kiingereza kina "you" moja, ya mfalme na ya mchunga mbuzi. Kivietnamu, mtu wa kawaida hawezi kusema "wewe" na "mimi" vizuri mpaka ajue nani mkubwa. Mwanamume aliyekuzidi kidogo ni *anh*, kaka. Mwanamke aliyekuzidi kidogo ni *chị*, dada. Mdogo wako ni *em*. Mdogo wa kiume wa baba ni *chú*, na aliyemzidi baba ni *bác*. Mswahili hapo huhitaji mkalimani: baba mdogo na baba mkubwa. Ho Chi Minh wenyewe wanamwita *Bác Hồ*, Baba Mkubwa Hồ. Kwa hiyo anapokuuliza umri hakuchunguzi, anatafuta kiti cha kukukalisha. Sisi tunafanya hivyo hivyo kimoyomoyo, tunatazama mvi kabla ya kuamua kama ni shikamoo au mambo. Tofauti ni kwamba yeye anauliza.

Basi jibu. Na ukishajibu, muulize na wewe, hatachukia.

Swali la pili litakuwa ndoa. Na hapa Kiswahili kinakupa bure kitu ambacho Mwingereza anasomea. Kivietnamu ukiulizwa umeoa, husemi hapana. Unasema *chưa*, bado. Una watoto? *Chưa*. Umeshakula? *Chưa*. Kama tayari, ni *rồi*. Kusema hapana ni kufunga mlango aliouacha Mungu wazi. Nilikuwa na mgeni Mwingereza na huyu mpangaji wangu meza moja, akamuuliza yule dada kama ameolewa, akajibu "No," mkavu, akageukia mkate. Fundi akanitazama kama anayetaka kutoa pole. Sisi hata binti wa miaka hamsini tunasema bado.

Chakula ndiyo mvua na jua yao. Salamu yenyewe ni *ăn cơm chưa?*, umeshakula wali? Usidhani anakualika. Wala usimweleze ulichokula tangu asubuhi. Jibu *rồi*, nimeshakula, salamu imekwisha. Lakini ukitaka maongezi, usiishie hapo, maana chakula kwao hakina mwisho. Siku moja nachambua mchele, akaokota punje akasema *gạo*. Akaonyesha sufuria jikoni, *cơm*. Kisha akachora kwenye mchanga shuke lililoinama, *lúa*. Nikamwitikia: mchele, wali, mpunga. Tukatazamana. Mwingereza wa watu ana neno moja tu kwa yote matatu. Asubuhi nzima tukakaa na hilo: ukoko mnauitaje, mnauonea raha au mnawapa kuku? (Wanauonea raha.) Akanionjesha *nước mắm*, ule mchuzi wa samaki waliovundikwa kwenye chumvi. Wenzangu walishika pua. Mimi niliyelelewa na ng'onda nikaomba kijiko cha pili.

Ukikaribishwa mezani, ujue Mvietnamu haanzi kula kimya kimya. Mdogo anawakaribisha wakubwa kwanza, mmoja mmoja, kwa neno *mời*, karibu. Na atakuwekea nyama nzuri kwenye bakuli lako bila kukuuliza. Kula. Ukimaliza upesi ataongeza, kwa hiyo mwendo ni wako.

Bei ni maongezi halali. Nikitoka sokoni na samaki changu, swali la kwanza ni kiasi gani. Nikitaja, anashika kichwa: "Ghali! Shangazi, umepigwa." Mwanzoni nilikereka, baadaye nikawa naenda sokoni najihesabia ushindi wa kumwonyesha. Mshahara nao watauliza, lakini si lazima utoe tarakimu. Wao kwa wao wana jibu la kukwepa, *đủ ăn*, ya kutosha kula. Mwambie "riziki inapatikana" na yeye ataelewa kwamba hapo ndipo pa kuishia. Ndivyo nilivyomwelekeza mtoto wa kaka yangu, na kwa kweli ndivyo angemjibu mjomba wake yeyote.

Mtoto mchanga

Hili naliweka peke yake maana nililiona kwa macho yangu, siku mbili tofauti, mjukuu yule yule.

Mgeni wa kwanza alikuwa binti wa Kiingereza. Alimchukua mtoto, akamrusha, "Mzuri huyu! Mnene huyu! Macho yale!" Moja kwa moja, bila mashaallah hata ya kusingizia. Bibi mzaa baba yake alikuwa ndani, nikasikia anakohoa, kisha akatoka kumchukua mtoto "akabadilishwe nguo." Mtoto alikuwa mkavu.

Wa pili ni mama mmoja wa Kivietnamu aliyekuja kumtembelea fundi. Alimtazama mtoto, akatamka maneno mawili polepole, *trộm vía*, ndipo akamsifu. Nikamuuliza fundi yale maneno ni ya nini. Akasema ni ya kumkinga mtoto, sifa isije ikamletea ugonjwa au jicho. Bibi akatoka safari hii kwa hiari yake na kahawa.

Kwa hiyo ukimsifia Mvietnamu mtoto wake, sema mashaallah zako na umweleze maana. Atakushika mkono. Kwa Mwingereza, msifu mtoto utakavyo, na mwenyewe umwombee kimoyomoyo.

Mengine ya haraka

Usimwite Mchina. Vijana wa bodaboda wa stendi, nawasema ninyi. Nchi mbili hizo zina historia ndefu na ugomvi wa visiwa mpaka leo, na kijana wangu wa Hanoi alikuwa anarudi nyumbani amevimba kwa neno hilo moja.

Usianze na vita vya Vietnam. Viliisha 1975, na wengi wanaofika hapa walizaliwa baadaye. Wanapenda zaidi umuulize kuhusu kahawa ya kwao, au umwambie kwamba korosho za Tanzania zinakwenda kubanguliwa Vietnam. Hapo mna la kusema.

Jina la kumwita ni la mwisho. La kwanza ni la ukoo, na wenye ukoo wa Nguyễn ni wengi mno, ukiita hilo sokoni watageuka nusu.

Tabasamu lao lisikudanganye. Fundi alivunja kikombe cha mama yangu, cha maua, akasimama anatabasamu. Nilimpandishia. Kumbe ndiyo aibu yenyewe ilivyotoka usoni. Mwingereza angesema samahani mara sita, na ya saba angekiambia kikombe.

Na rangi ya ngozi. Wanawake wao wengi wanajifunika jua mpaka vidole, na kumsifu mtu kwa weupe kwao ni kawaida. Binti yangu aliambiwa mzuri, ila angekuwa mweupe kidogo. Hili silipendi, na nilisema. Kumwelewa mgeni hakukulazimishi umezee kila kitu. Nilimwambia fundi kwa upole, kama shangazi, na hakurudia.

Alirudi kwao. Kila mwaka wakati wa *Tết*, mwaka mpya wao unaoangukia Januari au Februari, simu yangu inalia, na jambo la kwanza kabla ya heri ya mwaka mpya ni lile lile: "*Cô ăn cơm chưa?*" Mara ya mwisho ilikuwa saa tano asubuhi, wali ndiyo kwanza unatokota, nazi bado sijaikuna. Nikamjibu *rồi*.